Tani Moja ya Kumsalimia Baba

2 Juni

Mwanangu, utingo wangu wa zamani,

Pokea salamu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huanza kulalamika kabla sijaamua kusimama. Jirani yangu fundi cherehani naye ni mzima, bado anashona zaidi kwa mdomo kuliko kwa mashine. Wewe je? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula, au unasahihisha madaftari tu?

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa Kobe. Unamkumbuka, yule dereva mwenzangu ambaye konokono akimkuta barabarani humpigia honi ampishe. Wenzake wote tumestaafu, yeye bado anavuta vitunguu kutoka huku mpaka huko kwenu. Posta ya Kobe haina stempu na inasimama mlangoni pangu, kwa hiyo nitaitumia mpaka mmoja wetu afe. Simu nimeipa kazi moja tu, kusema "nimefika". Mengine yote yanataka karatasi.

Sasa maswali ya wanafunzi wako. Unasema darasa lako la sayansi linapima unyayo wa kaboni, yaani moshi ambao kila mtu anauacha nyuma yake kwa kupika, kula, kuvaa na kusafiri, na wanataka mzee mmoja wa mfano. Ahsante kwa kunichagua. Nilidhani nitaondoka duniani bila kuwa mfano wa chochote.

Haya, waandike.

Wanauliza napikia nini. Napikia mkaa, na siku mkaa ukiisha huwa nampelekea fundi cherehani habari mpya saa ile ile anayopakua chakula. Wanauliza nyama nakula mara ngapi. Hilo wayaulize meno, na mengi yalishahama. Taa ninayo moja, inawaka umeme ukipenda. Wanauliza nguo mpya nanunua lini. Koti langu unalijua, tulikuwa nalo kabla yako.

Wanauliza kuhusu gari. Hapa wanyamaze wasikilize. Gari sina. Lakini nimeendesha lori la dizeli tangu sina ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe, lori ambalo likipanda mlima ndege walikuwa wanahama miti. Kama moshi ule unahesabiwa, uhesabiwe wote, sifichi hata pumzi moja. Ila pembeni waandike hivi: moshi huo ndio uliomvalisha mwalimu wao viatu ukampeleka shule. Siombi radhi kwa mtu. Anayetaka niombe, kwanza arudishe chumvi, saruji na madawati niliyompelekea.

La mwisho. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Anasema jicho la kushoto limestaafu bila kuniaga, na hili la kulia linafanya kazi nusu siku. Eti ni presha ya macho, na kinachokwenda hakirudi. Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili ukija, njoo na uso wako wote, nataka niukague kabla duka halijafungwa.

Ni mimi,
Baba yako


30 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeondoka, na ninakula, usinitafutie kesi. Nakuombea magoti yako yapate adabu.

Majibu yako nimeyasoma darasani. Wanafunzi walicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. La macho nimelicheka mwenyewe nikiwa nyumbani. Wewe na daktari wako mnafaa kupewa kipindi cha redio. Mwaka juzi figo zako zilikuwa "zimefungua tawi," tukakimbia hospitali, kumbe ulikuwa hunywi maji.

Sasa matokeo. Wewe unyayo wako hautimizi hata tani moja kwa mwaka. Watoto walidhani wamekosea hesabu, wakarudia. Halafu msichana mmoja wa kiti cha mbele akanyoosha mkono: "Na wewe, Mwalimu?"

Baba, sikuweza kukwepa. Nilijipima ubaoni mbele yao. Zimetoka tani tatu, na tani moja nzima ni ile ndege ya kuja kwako na kurudi. Safari moja ya salamu inazidi kila kitu unachopika, unachovaa na unachowasha wewe mwaka mzima. Niliitazama ile namba kama mtu aliyekutwa jikoni na kipande mdomoni.

Usidhani ni mchezo wa darasani. Mwezi wa nne mvua ilinyesha hapa kama ambavyo wazee wa mtaa hawajawahi kuiona. Maji yaliingia shuleni yakapanda mpaka katikati ya ubao. Alama ya tope iko pale pale, na watoto hawa wanasoma wakiitazama. Hao ndio walioniuliza. Nikawaahidi kwamba sitapanda ndege tena.

Kwa basi ni siku tano kuja na tano kurudi, na likizo yetu imekatwa ili tufidie wiki za mafuriko. Ningefika, ningekusalimu mlangoni nikageuka. Kwa hiyo mwaka huu sitakuja, Baba. Nakuomba unielewe.

Ni mimi,
Mwanao


19 Julai

Mwanangu mwenye tani tatu,

Salamu. Mimi ni mzima. Nilikuwa mzima zaidi kabla ya barua yako.

Nimeisoma mara mbili, ya pili nikamsomea fundi cherehani ili awepo shahidi. Akaacha mashine akasema, "Huyu mtoto ana msimamo." Nikamwambia msimamo anao, kaurithi kwangu, ndiyo maana ninataka nimnyang'anye.

Nimekuelewa vizuri. Dunia inafuka moshi, viwanda vinafuka, wakubwa wanakwenda kunywa chai kwa ndege na kurudi kabla kikombe hakijapoa. Wewe ukakaa chini ukatafuta cha kupunguza, ukaanza kwa kumpunguza baba yako.

Haya, tuongee kama watu wa barabarani, maana hesabu ya tani nimeijua kabla hujazaliwa. Unaikumbuka mizani? Usijifanye umesahau. Njia ile nilikuwa sipati siku ya kulala nyumbani, kwa hiyo mama yako alikuwa anakupakata kwenye basi anakuleta mizani, na muda wetu wa kuwa familia ulikuwa ule wa foleni ya kupima malori. Foleni ikiwa ndefu, nyinyi mlifurahi. Mimi peke yangu katika madereva wote niliiombea foleni isitembee. Wewe ukaota mbawa, ukawa utingo. Unashuka na jiwe lako, unaliweka nyuma ya gurudumu, unapiga mluzi kuniambia liko tayari. Ule mluzi wako ulikuwa unaamsha askari waliolala.

Sasa kumbuka dereva aliyezidisha uzito alikuwa anafanya nini. Halii. Anatazama nyuma kwenye foleni, anamtafuta mwenzake mwenye lori jepesi. "Ndugu yangu, nibebee magunia haya mpaka ng'ambo." Mnahamisha, mizani inasoma sawa, wote mnapita, na ng'ambo kila mtu anachukua chake.

Wewe umezidi. Mimi ni mwepesi, darasa zima limethibitisha. Hamishia kwangu hiyo tani ya ndege. Na kama nafasi niliyo nayo haitoshi, nitajipunguza zaidi, nitakaa kama mshumaa uliozimwa. Panda ndege, uje. Wanafunzi waambie mzigo umebebwa na baba.

Nangoja jibu lenye tarehe ya kufika.

Baba yako, lori tupu


11 Agosti

Baba,

Shikamoo, na pole kwa hasira. Nimezisikia tangu Kobe anaegesha. Amenipa barua huku anatazama pembeni, kama aliyebeba kitu kinachovuja.

Nimecheka, kisha nimekaa kitandani nimelia kidogo, kwa sababu ya mama na foleni. Mimi nilikuwa sijui kama uliiombea isitembee. Nilidhani ni mimi tu.

Lakini haiwezekani, Baba. Mizani inalinda barabara, na barabara inajali uzito uko kwenye lori lipi. Hewa haijali. Tani yangu nikikuandikia wewe, itakuwa imekwenda juu vile vile. Na hata kama ingewezekana, nisingekubali. Wewe ndiye uliyezidisha? Aliye mwepesi ajibane ili mzito apite na shehena yake yote? Hivyo ndivyo dunia imekuwa ikifanya, na ndiyo maana shule yangu ina alama ya tope ukutani. Nawafundisha watoto kukataa hilo, kisha nianze kulifanya kwa baba yangu mzazi.

Sikupunguzi wewe. Ninapunguza ndege. Nakuomba sana uone tofauti, na kama huioni, basi niachie niione mimi.

Nitamwomba fundi cherehani akupigie simu ya picha kwa simu yake, kila Jumapili. Uso wangu utauona wote, na mimi nitauona wako. Halafu mwakani tutapanga.

Nakupenda, hata ukinuna.

Mwanao


3 Septemba

Mwanangu,

Salamu. Usishangae herufi zimenenepa, zinakula vizuri kuliko mimi.

Simu ya picha tumejaribu. Mimi niliona ukungu wenye sauti yako, na wewe nadhani uliona pua. Fundi alisema tuishike mbali, tukaishika mbali, ukungu ukawa mdogo. Usinipigie tena kwa kitu hicho. Mtu mzima hapaswi kumwita mwanawe "upande gani wewe" kama anayetafuta mbuzi.

Umesema mwakani. Mwakani ni neno la watu wenye macho mawili. Nilikwambia daktari alisema nini, ukanipa kipindi cha redio. Sawa, kosa ni la mdomo wangu, umekuzoesha vibaya. Lakini safari hii figo hazimo.

Kuhusu kujipunguza, nimekwisha anza, hukuniruhusu na sikukuomba. Maji ya kuoga sipashi tena, naingia kwa ghafla kabla mwili haujapata habari. Friji nimelizima, ndani lilikuwa na ndimu moja na baridi yake. Dawa ya macho inayotaka baridi nimeiweka kwa mwenye duka la mkate, kwa hiyo usianze kelele. Mkaa nawasha mara moja kwa siku, na wakati wa kuuzima fundi anakuja na pasi yake, hakipotei kitu. Pikipiki ya abiria nimeiacha, natembea. Ule mtaro ulio mbele ya duka la mkate ulihama usiku bila kutoa taarifa, nikauingia mchana kweupe. Nilitoka mwenyewe. Waliotaka kunisaidia niliwaambia nimeshuka kukagua.

Unasema kujipunguza kwangu hakununui chochote, kwamba hewa haipokei magunia yangu. Basi isipokee. Mimi nayaweka pale pale mlangoni kwake, ione aibu. Umri huu sitafundishwa kukaa tu na kungoja kusahaulika, hata na mwalimu.

Usinijibu kwa hesabu. Ukiwa na hesabu tu, usinijibu.

Baba yako


20 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Kobe amepita mara mbili bila barua yako. Mara ya kwanza alisema umelala. Mara ya pili nilishika mkono wa mlango wa kabini nikamwambia haondoki mpaka aseme, na unajua Kobe hakimbii. Akasema, "Mzee anaona nuru. Vitu havioni vizuri."

Nimempigia fundi cherehani. Ameniambia unatembea ukipapasa ukuta, na mtu akitokea unajifanya unakagua chokaa.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Ya Juni herufi ni za kawaida. Ya Julai zimeanza kupanda mlima. Ya Septemba ukurasa mmoja umebeba kilichokuwa nusu ukurasa, na mstari wa mwisho umetoka nje ya karatasi, "yako" imeishia mezani kwako. Nilikuwa nazo mikononi, mimi ninayesahihisha mwandiko wa watoto kila siku, nikacheka.

Basi imetosha. Ahadi nitaivunja. Nitakata tiketi ya ndege ya Desemba. Nitasimama mbele ya darasa niwaambie Mwalimu ameahidi na Mwalimu ameshindwa, na wanione hivyo. Wewe kaa, usitembee peke yako, washa friji, pasha maji. Nakuja.

Mwanao


5 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima, barua yako kanisomea fundi cherehani, na huyo Kobe nimemfukuza mlangoni, nikamrudisha kwa sababu ndiye posta.

Sikiliza. Usithubutu.

Najua nilitaka uje. Niliteta, nikanuna, nikaoga maji baridi kwa ukaidi. Nilitaka uje kwa sababu umenikumbuka. Sikutaka uje kwa sababu nimekuwa maiti mtarajiwa. Sasa unataka kusimama mbele ya watoto wenye tope ukutani uwaambie ahadi yako imekufa, na sababu iwe mimi? Jina langu liingie darasani mara ya kwanza kwa meno, mara ya pili kwa hilo? Sitaki. Mimi si kisingizio cha mtu.

Kwenye lori langu nilikufundisha jambo moja tu, kwa sababu mengine nilikuwa siyajui. Ukimwambia askari wa mizani umebeba tani kumi, mizani isome kumi. Umewaambia hutapanda ndege. Basi hupandi.

Lakini mimi nani alinikataza kupanda lori?

Nimeongea na Kobe. Anaondoka na vitunguu Desemba, likizo yenu ikianza. Kabini ina kiti cha utingo na kiko wazi, kwa sababu vijana wa siku hizi hawawezi kukaa na Kobe, wanazeeka njiani. Vitunguu vinakuja huko niwemo nisiwemo. Dizeli ni ile ile. Mimi nitakuwa kifurushi kilichosahauliwa kwenye kiti. Macho ya barabarani ni yake, mimi nitatoa mdomo. Fundi cherehani kasema ni wazimu. Nikamwambia anishonee begi la dawa, lenye mfuko wa kuwekea barafu, na ashone huku amefunga mdomo. Ameshona. Mdomo hakufunga.

Umesema siku tano kuja na tano kurudi, likizo haitoshi. Hesabu yako ya tani sijaipinga, na wewe usipinge yangu ya barabara. Kutoka kwako mpaka mizani ni nusu ya njia. Kutoka kwangu ni nusu. Panda basi, uje mizani, pale pale mama yako alipokuwa anakushusha. Foleni bado ndefu, Kobe amethibitisha. Bado wanauza chai mbaya.

Usiniandikie maneno ya "Baba, umri wako." Umri wangu naujua, ninakaa nao chumba kimoja.

Tutakutana nusu ya njia, au tusikutane na tulaumiane vizuri.

Baba yako, ambaye hajastaafu


22 Novemba

Baba yangu, dereva,

Shikamoo. Nilianza kukuandikia "Baba, umri wako" kabla sijafika mstari ule. Nikaichana.

Nina hofu. Naiandika ili usiseme sikukwambia. Barabara ile ninaikumbuka. Nimempigia daktari wako, akauliza kama wewe huwa unashaurika. Nikamwambia ukweli. Akasema basi dawa isikose baridi, matone saa zake, na usinyanyue mzigo. Kobe ameapa kwangu kwa vitunguu vyake vyote.

Tiketi ya basi ninayo. Nitafika mizani tarehe kumi na sita Desemba, watu wa mpakani wakiwa wema. Tutakaa siku nne nzima. Kuna nyumba ya wageni nyuma ya kituo. Nimepiga simu, wamesema vyumba vipo ila usiku malori yananguruma. Nikawaambia baba yangu hulala vizuri yakinguruma, kukiwa kimya ndipo huamka.

Darasani niliwaeleza. Sikuvunja kitu, nilisema tu jinsi nitakavyosafiri. Yule msichana wa kiti cha mbele ameuliza swali, kama kawaida yake. Anataka kujua ukiwemo wewe kwenye kiti, lori la vitunguu linaongezeka uzito kiasi gani. Wamebishana kipindi kizima. Nimewaambia mzee anakwenda kwenye mizani kabisa, atawaletea jibu mwenyewe.

Na Baba, kuhusu kukumbukwa. Kila mwaka nilikuwa nakuja kwa saa chache angani, nalala, naamka nimefika, naleta sabuni na soksi. Nilidhani huko ndiko kukukumbuka. Safari hii nitakaa dirishani siku mbili na nusu nikihesabu milima. Sijui kama ni hewa ninayoiokoa tu.

Usishuke kwenye lori bila kushikwa mkono. Ukikataa, nitajua.

Mwanao


14 Desemba, Mizani

Mwanangu,

Nimefika. Neno hili ni la simu, lakini simu imezima, basi lichukue hapa.

Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia, aliyonipa Kobe. Karatasi nne kwa maneno haya machache, mwanafunzi wako asinihesabie. Kobe anaendelea na vitunguu, kwa hiyo atakukuta mpakani kabla hujavuka, utaisoma ukiwa kwenye foleni. Familia yetu husomea hapo.

Njia ilikuwa njema. Kobe anaendesha kama anayeogopa kuamsha barabara. Nilimwambia penye mashimo kabla hajayaona, maana yale mashimo ni ya zamani zangu, hayajahama, hakuna mtu aliyeyaziba. Mlima wa pili nilikohoa, akasimama, akanikagua kama tairi. Nilimwambia aendelee, ninamsalimu dizeli tu, tulikuwa pamoja.

Matone natia. Barafu imeyeyuka mara mbili, mara mbili nimeomba nyingine kwa wauza soda. Nilishuka nikiwa nimeshikwa mkono. Sikupenda. Andika nimeshikwa.

Sasa jibu la darasa. Karani wa mizani ni binti mdogo, ana sauti ya kuamrisha, ungempenda. Nikamweleza kuna watoto wanataka kujua. Akasema, "Babu, kuna malori ishirini nyuma yenu." Nikamwambia hiyo foleni imenilelea mtoto, haitashindwa kungoja kidogo. Akacheka. Akapima lori na mimi nikiwa kitini, akasoma namba kwa sauti. Wakanishusha. Akapima tena. Namba ikawa ile ile. Nikamwambia arudie, akarudia, madereva nyuma wakaanza honi, ile ile. Akaniambia, "Babu, mizani hii imetengenezwa kwa ajili ya malori. Wewe haikuoni."

Haikuoni. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Maisha yangu yote nimepimwa hapa, nikasukumwa pembeni, nikaandikiwa faini, nikashushiwa magunia mchangani. Leo nimepita kutoka kwangu mpaka hapa na barabara nzima haikugundua. Waambie hivyo. Yule msichana mwambie mzee wa mfano amekuja kumwona mwanawe na mshale wa mizani haukutikisika.

Chai bado mbaya. Nimekunywa vikombe viwili.

Nimekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya karani, ukuta ni wa buluu, au walisema ni wa buluu. Ninaona malori yakipita, kila moja ni giza kubwa linalosogea na lina taa. Watu ni vivuli. Kwa hiyo ukishuka kwenye basi usinipungie mkono, utachosha mkono bure. Piga ule mluzi wa jiwe. Nitajua gurudumu liko salama, na nitageuka.

Halafu njoo ukae kulia kwangu, karibu sana, saa ile jua linapiga ukuta. Upande huo duka bado liko wazi.

Usikimbie. Nimeiombea foleni isitembee.

Baba yako